Mtu wa Majaribio

Ofisini walimwita Mama Fomu, ingawa hakuwa na mtoto wala hakupata kulalamika kuhusu jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza fomu za kompyuta. Anapanga visanduku vya majina, tarehe na mahali, halafu nyuma yake anaandika msimbo, yaani yale maagizo ambayo mjazaji hayaoni: yanayokataa mwaka ambao haujafika, yanayoleta swali la pili kutokana na jibu la kwanza, yanayoipeleka fomu kwenye rejista ukibonyeza kitufe cha mwisho. Ofisi yao ilikuwa ya kutafuta watu waliopotezana. Mtu anaingia tawi lolote, karani anamjazia fomu, fomu inafika makao makuu, na rejista inaanza kulinganisha: huyu anayemtafuta yule, je, yule naye hakuandikwa mahali popote akimtafuta huyu?

Mara nyingi jibu ni hapana. Mara moja katika miezi kadhaa linakuwa ndiyo, na siku hiyo ofisini hapafanyiki kazi. Hata mhasibu, ambaye uso wake haujui kicheko, huonekana akijifuta macho kwa karatasi ya mashine.

Mama Fomu mwenyewe alikuwa akitafuta. Au tuseme alikuwa akisubiri kutafutwa, maana kutafuta hakuweza. Mwaka wa mafuriko, yeye akiwa na miaka mitano, kaka yake wa miaka kumi na mmoja alimshika kwapani akampandisha kwenye lori la kuhamisha watu. Akamwambia akae hapo hapo, asishuke, yeye anarudi kumchukua bibi. Mtoto akakaa hapo hapo. Lori likajaa, likaondoka. Alikuwa mtoto mtiifu, kwa hiyo hakushuka. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na bado kuna siku alisimama jikoni na mwiko mkononi akijiuliza ingekuwaje kama siku ile angekuwa mtundu kidogo.

Mwanamke aliyekaa naye lorini, fundi cherehani asiye na mtoto, ndiye aliyemlea. Alimpa jina lake, akampeleka shule, akamshonea sare mbili wakati wenzake wana moja. Mama huyo hakumnyima kitu. Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho cha kumpa. Alipomwuliza mtoto siku ile anaitwa nani, mtoto alijibu, "Kibiriti." Ndivyo kaka yake alivyomwita, kwa sababu alikuwa mdogo na alikuwa mwepesi wa kuwaka. Na kaka anaitwaje? "Kaka." Bibi je? "Bibi." Basi. Hayo ndiyo yote aliyoshuka nayo kwenye lori.

Kwa hiyo alipoajiriwa katika ofisi ile, siku ya tatu tu, alijiandikisha kwenye rejista. Anayetafuta: Kibiriti. Anayetafutwa: Kaka. Hata mgeni wa kazi aliona kwamba fomu ile haiwezi kumpata mtu yeyote; akina Kaka wamejaa duniani. Tumaini lake lote lilikuwa upande wa pili. Siku moja mwanamume aingie tawi fulani, aulizwe jina la utani la anayetafutwa, na aseme neno lile moja. Rejista ingewaka palepale.

Labda ndiyo maana alimfanya kaka yake kuwa mtu wake wa majaribio. Kila fundi wa fomu ana mtu wake. Ukimaliza kuandika msimbo lazima uijaribu fomu, na huwezi kuijaribu bila kumjaza mtu. Wengine wanajaza herufi tupu, wengine jina la shemeji wanayemchukia. Yeye alijaza kama kaka yake angejaza. Anayetafutwa: Kibiriti. Uhusiano: mdogo wangu wa kike. Mara ya mwisho kuonana: mwaka wa mafuriko, kwenye lori. Alifanya hivyo mara kumi kwa siku, halafu anafuta, anarekebisha mstari mmoja, anajaza tena. Alijua ni ujinga. Lakini kila alipobonyeza kitufe, kwa muda wa kupepesa jicho, kulikuwa na mtu duniani aliyekuwa akimtafuta.

Sasa mwaka huu ikaja habari kwamba fomu zote zinahamishiwa kwenye programu mpya. Bosi akatangaza kikaoni kwa sauti ya mtu anayetangaza ukarabati wa choo, kisha akamsukumia Mama Fomu karatasi ya kusaini. Programu ile mpya ilikuwa na sharti moja. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo nyuma ya fomu, inakuuliza utatumia lugha gani ya kompyuta na zana zipi. Ukishachagua umechagua. Ukitaka kubadili baadaye, sharti ufute msimbo wote uanze upya. Bosi alitaka jibu kufikia Ijumaa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa lugha ile ile ya zamani, nyepesi, inayokuja ndani ya programu yenyewe bila kuingiza kitu kingine. Mama Fomu alijifunza lugha hiyo kwa kitabu cha kuazima kilichokuwa hakina jalada, na aliijua kama anavyojua droo za meza yake. Akiichagua, msimbo wake wote wa miaka kumi na tisa ungehamia ulivyo, bila kuguswa. Ya pili ilikuwa lugha mpya yenye karakana yake kubwa ya kuandikia, programu nzito inayojaza nusu ya kompyuta na inayohitaji ruhusa tatu kuiingiza. Akiichagua hiyo, kila mstari ungeandikwa upya.

Bosi alimleta mtaalamu wa kusaidia uchaguzi. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani mikubwa iliyomshinda uso, na kabla ya saa nne asubuhi ofisi nzima ilishampa jina: Miwani. Aliamkia watu vizuri, hakujifanya anajua kila kitu, na Mama Fomu alijikuta hana sababu ya kumchukia, jambo lililomkera.

Siku mbili walibishana kwa heshima. Miwani alisema lugha ya zamani ni ya kukimbia gizani: msimbo unakwenda, unafika au haufiki, nawe hujui umepita wapi. Mama Fomu akasema yeye katika giza lile anatembea bila kujigonga. Miwani akasema na siku wewe usipokuwepo? Mama Fomu akasema bado hajapanga kufa, labda mwezi ujao. Wakacheka wote, lakini karatasi ya Bosi ilibaki mezani bila saini, na kila aliyepita aliitupia jicho.

Ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba ule msimbo wa zamani ulikuwa ndio nyumba aliyokaa muda mrefu kuliko nyumba yoyote. Mama aliyemlea alikuwa ameshafariki. Mume alikuwepo miaka sita, kisha akaenda zake kwa amani. Lakini mistari ile aliianza akiwa msichana mwenye uhakika kwamba kaka yake atapatikana kabla ya Krismasi, na aliogopa kwamba akiifuta ataufuta na ule uhakika.

Siku ya tatu Miwani akaacha maneno. Akaomba waichukue fomu moja ya zamani, waiingize kwenye ile karakana mpya kwa majaribio tu, aone tofauti kwa macho yake. Mama Fomu akakubali ili yaishe.

Uzuri wa karakana ile, na hili hata yeye hakulikataa, ni kwamba unaweza kuusimamisha msimbo katikati ya safari. Unabonyeza mara moja, mshale wa njano unashuka mstari mmoja, unangoja. Unabonyeza tena, unashuka mwingine. Kila mahali unaona fomu imebeba nini na inaelekea wapi, kama mtu anayemfuata karani nyuma nyuma ofisini aone anaipeleka wapi barua yake.

"Jaza chochote, dada," Miwani alisema.

Mama Fomu akajaza alivyozoea. Vidole vilikwenda vyenyewe. Akabonyeza kitufe cha kutuma, na Miwani akaanza kuushusha mshale. Fomu ikachukua namba. Ikachapa stakabadhi, ile karatasi ndogo anayopewa mtafutaji aende nayo nyumbani. Tarehe zikakaguliwa, sawa. Mahali, sawa. Mshale ukashuka, ukashuka, ukafika karibu na mwisho, mahali ambapo fomu huingizwa kwenye rejista. Hapo haukuingia. Ukapinda pembeni, ukapita mistari miwili, fomu ikafutwa, na skrini ikaandika kwa utulivu kabisa: Imepokelewa. Asante.

Miwani akaurudisha mshale nyuma, akausogelea mstari ule hadi miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Hapa umeandika kwamba jina la utani likiwa Kibiriti, fomu isiingizwe, ifutwe," alisema. "Kibiriti ni nini?"

Mama Fomu alisikia feni ya dari. Alisikia mhasibu akipiga chafya chumba cha tatu.

"Ni mimi," alisema.

Alikumbuka, na laiti asingekumbuka. Ilikuwa miaka kumi na miwili nyuma. Fomu zake za majaribio zilivuja zikaingia kwenye rejista ya kweli, na Bosi wa wakati ule, mtu wa kelele, akamsimamisha mbele ya watu akamwuliza kama anajua tofauti ya kazi na mchezo. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, watu wamevaa mabegi mgongoni. Mama Fomu akatafuta alama ya kutenga majaribio na fomu za kweli, neno ambalo hakuna mteja atakayeliandika. Kwa miaka saba alikuwa ameliandika neno lile mara kumi kwa siku, hadi likawa halina mtu ndani yake tena. Likawa neno la kujaribia fomu tu, kama wengine wanavyoandika aaa. Akaongeza mistari miwili. Ya wiki moja tu, alijiambia, mpaka apate njia nzuri zaidi. Ijumaa fomu ikasambazwa matawi yote na mistari yake miwili tumboni.

Wiki moja ikawa miaka kumi na miwili. Mlango mmoja aliokuwa nao duniani aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, halafu akakaa ndani akisubiri mgeni abishe hodi. Mimi simlaumu, nani asiyejua kazi ya saa kumi na moja kasoro? Lakini yeye alijilaumu, na aliona haya mbele ya Miwani kama mtu aliyekutwa hajavaa.

Miwani hakusema pole. Alisema kitu bora zaidi.

"Namba inachukuliwa kabla ya kufutwa. Zilizofutwa zitakuwa zimeacha pengo."

Ni kweli. Kila fomu hupewa namba inayoanza na namba ya tawi. Fomu iliyotupwa ilikwenda na namba yake, na rejista ikaruka kwenda inayofuata. Walikaa wawili hadi mchana wakichambua mapengo. Yalikuwa maelfu, na yote waliyopitia yalianza na moja. Tawi la kwanza ni makao makuu, mezani pake. Hayo yalikuwa majaribio yake mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, Kibiriti akimtafuta Kibiriti. Alianza kupumua. Alianza hata kusikia unafuu, na chini ya unafuu huo kitu kibaya zaidi: basi hakuja. Mlango ulifungwa na hakuna aliyeugusa.

"Hii hapa," Miwani akasema.

Pengo moja lilianza na tisa. La miaka minane iliyopita. Miwani akaendelea kuteremka, na lingine likatokea, miaka mitatu iliyopita, tisa tena.

Karani wa tawi la tisa alikuwa mzee wa kazi, mmoja wa wale wasioamini kompyuta hata kidogo, Mungu awabariki kwa kutoamini kwao. Kila aliyeingia kwake alimwandika pia kwenye daftari, kwa kalamu. Mama Fomu alimsomea tarehe mbili kwenye simu akamsikia akiondoka, akifungua kabati, akikohoa, akirudi. Ndiyo, alisema, anamkumbuka. Fundi baiskeli. Mikono yenye grisi, alikuwa anaogopa kuchafua kiti. Alikuwa akimtafuta mdogo wake aliyempandisha lori. Alimjazia fomu, akamchapia stakabadhi, na baada ya mwezi alipouliza makao makuu akajibiwa hakuna taarifa. Akarudi baada ya miaka mitano, akajaziwa tena, jibu likawa lile lile.

"Aliuliza kama kuna kosa, labda jina tumeliandika vibaya," karani alisema. "Nikamwambia, kaka, kompyuta ya makao makuu haikosei. Akanishukuru, akaenda."

Mama Fomu akaomba namba ya simu. Karani akamsomea, tarakimu moja moja, na yeye akaandika kwenye kitu kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa ile karatasi ya Bosi. Alipoona alichoandika juu yake aliinakili namba kiganjani, akaigeuza karatasi, akachagua lugha mpya na karakana yake nzito, akasaini. Haikumchukua hata nusu dakika. Miaka kumi na tisa ya mistari, na hakuusikitikia hata mmoja. Alitaka msimbo unaofuatika, msimbo ambao mtu mwingine anaweza kuusimamisha katikati na kumwuliza hii ni nini.

Miwani akaichukua karatasi kumpelekea Bosi, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

Mama Fomu akabaki peke yake na simu. Mchana ulikuwa mweupe dirishani, mtu alikuwa akiegesha gari uani na mwenzake akimwelekeza kwa mikono. Alikuwa ameiota siku hii kwa namna nyingi, na katika zote yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa. Hakujua mtu anayepiga anasema nini. Alifikiria kuanza na habari za ofisi, kisha samahani, kisha mengine. Akapiga kabla hajamaliza kupanga.

Alipokea mwanamke. Sauti ya mtu mwenye kazi mkononi, maji yakimiminika nyuma yake. Mama Fomu alisalimia, akasema anapiga kuhusu fomu iliyojazwa tawi la tisa, na kabla hajafika mbali maji yakafungwa.

Mwanamke yule hakuwa mkali. Aliongea taratibu, kama mtu aliyeshayafikiri maneno yake siku nyingi. Alisema kama ni ile ofisi, anaomba wasimpigie tena mume wake. Yupo, yuko hapo nje na baiskeli zake, lakini hatamwita. Mara ya kwanza walipojibu hakuna taarifa hakula siku mbili. Mara ya pili aliporudi aliingia ndani akasema sasa ameelewa, mdogo wake hakufika popote, lile lori alilompandisha ndilo lililomuua, na ni yeye aliyemwambia asishuke. Wakaweka matanga, watu wakaja, wakalia bila maiti. Tangu siku ile angalau analala.

"Sasa nyinyi mkija tena na karatasi zenu mmwambie mmeona jina linalofanana, halafu baadaye si yeye, mtaniachia mimi nani?" alisema mwanamke. "Tafadhali, dada. Funga hiyo fomu. Mwache apumzike."

Mama Fomu aliitazama ile namba kiganjani. Alijiona anavyoweza kufanya jambo jema kabisa, kusema sawa, kukata simu, kumwacha mtu alale. Pengine ndilo lililokuwa la haki. Yeye ndiye aliyemwua yule mdogo wa lorini, mara mbili, kwa mistari miwili. Miaka arobaini na moja alitii alipoambiwa akae hapo hapo.

"Bado upo?" mwanamke aliuliza.

"Nipo," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini ndogo, ya zamani. "Sipigi kwa ajili ya ofisi, wifi."

 Kisha akasikia sufuria ikiwekwa chini haraka, mlango ukisukumwa, na yule mwanamke akiita nje, akimwita mumewe, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili akilia.